Studio huru? Nionyeshe daftari lako la watazamaji

Kuna neno limechakaa Nairobi kuliko kiti cha nyuma cha matatu: "huru". Kila kijana mwenye kamera mbili, taa tatu na chumba cha kukodi huko Roysambu ana "studio huru ya video za mtandaoni". Jumatatu anatengeneza tangazo la sabuni, Alhamisi anatengeneza kipindi chake cha vichekesho, na kwenye maelezo yake ameandika kwa herufi kubwa: WATAZAMAJI MILIONI MBILI. Sina ugomvi na kamera zake. Sina ugomvi na sabuni pia, naoga. Ugomvi wangu ni na hilo neno. Mimi ni mwandishi wa programu, na mtu wa kazi yangu akiambiwa kwamba mfumo fulani uko huru, huuliza swali moja la kuudhi: ile seva ya jirani ikizimwa leo usiku, wewe utaendelea kuwaka?

Studio nyingi ninazozijua zitazimika kabla ya saa mbili.

Ushauri unaotolewa kwenye semina na makongamano ni ule ule kila mwaka: "nenda walipo watu". Watu wako YouTube, wako Facebook, wako TikTok, basi peleka video zako huko, kusanya wafuasi, halafu wenye matangazo watakuja wenyewe. Ushauri huu una ukweli nusu, na ndiyo maana unadanganya vizuri. Watu wako huko kweli. Lakini wako kwa mtu. Mwenye nyumba ndiye anayejua majina yao, ndiye anayeamua leo wataonyeshwa nini, na ndiye anayekukata sehemu yake kabla hujaiona shilingi. Kwa video ndefu YouTube inabaki na asilimia 45 ya pesa za matangazo na kukuachia 55. Hiyo kodi ya pango sioni tatizo nayo sana, kuendesha seva za dunia nzima si kazi ya bure. Tatizo ni kwamba ukihama hutoki hata na karatasi yenye jina la mtu mmoja.

Kwa hiyo kauli yangu ni hii, na atakaye kuipinga aipinge: studio huru ni ile inayoweza kumfikia mtazamaji wake bila kuomba ruhusa ya mtu. Ina daftari. Namba ya simu au barua pepe, amelipa lini, ametazama nini. Kama daftari hilo liko kwa Google au Meta, wewe ni kibarua mwenye kamera nzuri.

Sasa tuone historia, maana mambo haya yameshatokea kwa wengine na hatuna haja ya kuyagundua upya.

Tarehe 1 Aprili 2003, huko Austin, Texas, Burnie Burns na marafiki zake walitoa kipande cha kwanza cha kipindi kinachoitwa Red vs. Blue. Hawakuwa na pesa za kuajiri waigizaji mbele ya kamera. Walichokuwa nacho ni mchezo wa kompyuta wa Halo. Walicheza mchezo huo kama watu wanaochezesha vikaragosi, wakarekodi kilichoonekana kwenye skrini, kisha wakaweka sauti zao juu yake. Askari wawili wamesimama jangwani wakiulizana kwa nini wako hapo. Basi. Studio yao ikaitwa Rooster Teeth.

Angalia mwaka huo tena. 2003. YouTube ilikuja 2005. Hapakuwa na mahali pa kupandisha video ukamwachia mwingine alipe gharama. Ukipata watazamaji wengi, unapata na bili kubwa ya seva. Umaarufu ulikuwa hasara! Kwa hiyo ilibidi wafikiri tangu mwanzo: tovuti yao wenyewe, usajili wao wenyewe, DVD na fulana za kuuza. Mtazamaji aliyetoa pesa kidogo alipata video mapema au kwa ubora zaidi. Na mnajua mtazamaji huyo walimwita nani? Mdhamini. Hapa kwetu mdhamini ni kampuni ya sabuni. Kwao, kwa miaka mingi, mdhamini alikuwa yule mtu aliyekaa nyumbani anatazama.

Msinielewe vibaya, hawakukataa pesa za makampuni. Kazi yao yote ilisimama juu ya mali ya Microsoft, wenye Halo, na Microsoft badala ya kutuma mawakili iliwaacha waendelee bila kudai ada ya leseni. Mwaka 2005 walitengeneza kipindi kifupi kiitwacho P.A.N.I.C.S. kwa ushirikiano na Monolith, watengenezaji wa mchezo wa F.E.A.R. Hiyo ni video ya chapa ya mtu, wala hakuna aliyewatukana kwa ajili yake. Lakini mazungumzo na kampuni yanakuwa tofauti kabisa ukiingia chumbani na watu wako tayari. Kampuni inakuja kununua nafasi ya kuketi sebuleni kwako. Asiye na sebule, kampuni inamnunua yeye.

Nguvu ya daftari ilionekana mwaka 2014. Walitaka kutengeneza filamu ndefu, Lazer Team, wakaenda Indiegogo kuchangisha. Walipata zaidi ya dola milioni 2.4. Hizo si pesa za algoriti. Ni watu walioitwa kwa jina na wakaitika.

Halafu, Novemba mwaka huo huo, wakauza studio.

Mnunuzi alikuwa Fullscreen. Fullscreen ilikuwa ya Otter Media, iliyomilikiwa na AT&T pamoja na Chernin Group. Mwaka 2018 AT&T ikaichukua Otter yote. Rooster Teeth ikajikuta ndani ya WarnerMedia, na mwezi wa Aprili 2022 WarnerMedia ikaunganishwa na Discovery. Studio iliyoanza na marafiki wachache na mchezo mmoja wa kompyuta sasa ilikuwa mstari mmoja kwenye hesabu za kampuni yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 40. Ukiwa mstari kwenye jedwali la namna hiyo, hakuna anayekuja kutazama kipindi chako kabla ya kukufuta. Tarehe 6 Machi 2024 wafanyakazi waliambiwa kampuni inafungwa. Watu wapatao 150 wa kudumu, ukiacha vibarua wengi. Katikati ya Mei tovuti ikazimwa, na mashabiki wakawa wanahaha kunakili miaka ishirini ya video na kuzipeleka Internet Archive kabla taa hazijazimwa.

(Hii ndiyo familia ile ile ya makampuni iliyokuwa na chaneli ya Machinima. Januari 2019 maelfu ya video zake zilifichwa ghafla, na waliozitengeneza wakajua pamoja na watazamaji.)

Kuna watakaosema: si hao walikuwa na tovuti yao, wanachama wao, kila kitu unachokisifu? Mbona walikufa? Swali zuri. Walikuwa navyo, wakauza. Daftari likiwa la mtu mwingine ni la mtu mwingine hata kama bado limeandikwa jina lako kwenye jalada. Ni kweli pia kwamba biashara ya video ilikuwa imebadilika, matangazo yameshuka, watazamaji wametawanyika. Lakini nyumba ndogo ina kitu ambacho idara ya kampuni kubwa haina: inaweza kupungua bila kufa. Inaweza kutoka watu 150 hadi 15, ikahamia ofisi ya bei rahisi, ikaendelea na kipindi kimoja kinacholipa. Idara haina uamuzi huo.

Wala sisemi walikuwa malaika. Mwaka 2022 wafanyakazi wa zamani walijitokeza hadharani kulalamikia malipo na jinsi walivyotendewa kazini. Studio inaweza kuwa huru na bado ikawanyonya watu wake. Hilo ni suala jingine na linastahili makala yake.

Mwisho wa hadithi ndio unaonichekesha na kunikasirisha kwa wakati mmoja. Mwaka 2024 mfululizo wao maarufu wa RWBY ukauzwa kwa Viz Media. Februari 2025 Burnie Burns, kupitia kampuni yake ya Box Canyon Productions, akalinunua tena jina la Rooster Teeth pamoja na Red vs. Blue. Mtu amelipa pesa ili arudishiwe jina alilolitunga mwenyewe.

Sasa mfano wa pili, ambao ni kinyume chake.

CollegeHumor ilianza 1999 kama tovuti ya utani wa wanafunzi wa chuo. Mwaka 2006 IAC, kampuni kubwa ya mambo ya intaneti, ilinunua sehemu kubwa ya kampuni mama yake. Wakatengeneza video fupi za kuchekesha, nyingine zao, nyingine za makampuni, wakapata mamilioni ya watazamaji. Halafu ukaja ule wazimu wa Facebook. Mnaukumbuka? Kila chombo cha habari duniani kiliambiwa kifukuze waandishi na kuajiri wapiga video, kwa sababu takwimu za Facebook zilionyesha kwamba watu wanatazama video mpaka macho yanatoka.

Mimi takwimu ni kazi yangu, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Septemba 2016 ilijulikana kwamba Facebook, kwa miaka kama miwili, ilikuwa inakuza wastani wa muda wa kutazama. Walichukua muda wote uliotazamwa wakaugawa kwa watu waliotazama zaidi ya sekunde tatu tu, badala ya kuugawa kwa wote walioanza kutazama. Ukimwondoa kwenye kigawanyo kila aliyepita haraka, wastani lazima upande. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta hesabu hiyo anarudishiwa karatasi. Wastani ulikuwa umezidi kwa asilimia 60 hadi 80 kwa kukiri kwao wenyewe. Wenye matangazo walishtaki wakidai tofauti ilikuwa kubwa kuliko hapo, na mwaka 2019 Facebook ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Adam Conover, aliyekuwa CollegeHumor, amesema hadharani kwamba kukimbilia video za Facebook kuliwaumiza vibaya. Hebu fikiria: unapanga mishahara kwa namba ambayo huwezi kuikagua, kwa sababu daftari si lako. Ukiwa na kumbukumbu za seva yako mwenyewe, utajua saa hiyo hiyo nani alifunga video kwenye sekunde ya pili.

Septemba 2018 walianzisha Dropout, mahali pao wenyewe ambapo mtazamaji analipa kila mwezi. Januari 2020 IAC ikasema pesa zimekwisha. Watu zaidi ya mia moja wakapoteza kazi. Sam Reich, aliyekuwa mkuu wa ubunifu hapo, akaichukua kampuni mwenyewe akiwa na watu wachache wa kuhesabika kwa vidole, na miezi miwili baadaye Korona ikaifunga dunia. Kwa akili ya kawaida hapo ndipo tungeandika buriani.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2023 walilitupa jina la CollegeHumor wakabaki Dropout. Mwaka huo huo waligawana faida na kila mtu aliyelipwa na kampuni katika mwaka, hadi waliokuja kufanyiwa majaribio ya uigizaji tu. Mwaka 2025 wakavuka wanachama milioni moja wanaolipa. Vipindi vyenyewe? Watu wamekaa kuzunguka meza wakicheza mchezo wa kubuni hadithi. Washiriki wa shindano ambao hawajaambiwa kanuni. Hakuna majoka ya kompyuta ya dola milioni kumi. YouTube na TikTok wanazitumia, tena sana, lakini kama mtu anayebandika bango barabarani: vipande vinazunguka huko bure, bango linasema duka liko wapi, na duka ni lao.

Mjuaji mmoja ameshaanza kunyoosha kidole: Dropout inaendeshwa juu ya mitambo ya Vimeo! Kweli kabisa. Na kwa taarifa yako Vimeo yenyewe ilizaliwa 2004 ndani ya kampuni ile ile iliyozaa CollegeHumor, na mwaka 2025 ikanunuliwa na Bending Spoons ya Italia. Lakini kukodi mashine na kukodi watu ni vitu viwili. Mimi sijengi kituo changu cha umeme ili niwashe kompyuta. Mwenye mashine akinisumbua, ninao watu wangu, nawaandikia usiku huo: tumehamia hapa. Kuhamisha malipo ya kadi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni kazi ya kutoa jasho, nakubali. Ni kazi, si mazishi.

Turudi nyumbani.

Mwaka 2010 Just A Band walitoa video ya wimbo wao Ha-He, na Makmende akatembea dunia nzima. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa, na ghafla tukaona kwamba video ya Nairobi inaweza kuzungumzwa Marekani. Nilikuwa mtoto, nakumbuka kelele zake. Tulichojifunza kutokana na mwaka ule ni kuuliza "wangapi wametazama?" na tangu hapo hatujawahi kubadilisha swali.

Mwaka jana niliitwa na studio moja ya hapa Nairobi. Sitaitaja. Chaneli yao ilikuwa imetekwa na wezi wa akaunti, ikawa inaonyesha video za sarafu za kidijitali kwa jina lao. Walitaka nisaidie. Niliwauliza, wakati tunasubiri majibu ya jukwaa, tuwaarifu watazamaji kwa njia gani nyingine? Kimya. Wafuasi elfu tisini, miaka sita ya kazi, na hapakuwa na namba moja ya simu wala barua pepe moja. Walijua asilimia ya wanaume na wanawake. Walijua saa ambayo watu hutazama zaidi. Jina la mtu mmoja aliyetazama vipindi vyote hawakulijua.

Chaneli ilirudi baada ya wiki tatu. Lakini nilipokuwa pale ndipo nikasikia jambo la pili, ambalo kwangu ni baya zaidi. Katika mfululizo walioutengeneza kwa pesa za kampuni moja, walikuwa wametunga mhusika, mama wa kioski mwenye mdomo mkali. Watu walimpenda. Mkataba ulipoisha wakataka kumpa kipindi chake mwenyewe, bila kampuni. Ikaja barua ya wakili: mama huyo si wenu.

Na wakili hakuwa anabahatisha. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Ukinyamaza, umempa. Ukisaini ile karatasi ya ukurasa mmoja inayotaja bei na tarehe tu, umempa. Mhusika, utani wake, jina lake, pengine hata picha ghafi zilizobaki kwenye diski yako. Sheria imeacha mlango wazi kwa sentensi moja: kwamba wahusika na picha ghafi vinabaki mali ya studio, na mteja anapewa haki ya kutumia video hii kwa muda fulani. Sentensi moja! Wenye studio wanaosoma hapa, wangapi wameiandika? Mimi si wakili, na kabla ya kusaini mtafuteni wakili, lakini kusoma Kiswahili na Kiingereza tunajua sote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wasafi wanaosema studio huru isiguse tangazo. Gusa. Tangazo linalipa kodi ya nyumba. Mwambie mtazamaji waziwazi kwamba hili ni tangazo, usimfiche kama dawa kwenye chakula cha mtoto. Kisha hakikisha tangazo linakuachia kitu: mhusika, picha, au majina ya watu waliokuja kupitia hilo.

Najua pingamizi zinazokuja, nimezisikia zote kwenye meza ya chai.

La kwanza: seva ni ghali. Tupige hesabu. Kipindi cha dakika kumi kwa ubora wa 480p, ambao kwenye simu unatosha sana, kinaweza kwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde. Sekunde 600, megabiti 600, yaani MB 75. Watu 10,000 wakikitazama chote, umesafirisha GB 750. Chukua bei ya senti 6 za dola kwa kila GB, bei ambayo utaipata bila kutafuta sana kwa Afrika: dola 45. Kwa shilingi zetu ni chini ya 6,000. Programu ya kukatakata video vipande vya sekunde chache kwa ubora tofauti, ili simu yenyewe ichague kulingana na mtandao, inaitwa ffmpeg na ni ya bure. Mbinu yenyewe Apple waliitoa 2009, si siri ya serikali. Watu watatu katika kila mia wakilipa shilingi 20, gharama ya kusafirisha imelipwa. Gharama ya kutengeneza kipindi ni mlima mwingine, na ndiyo maana nimesema tangazo lina nafasi yake.

La pili: Mkenya halipii video. Mkenya huyo huyo ananunua bando kila siku ili azitazame! Analipa tayari, ila anailipa kampuni ya simu na wewe hupati kitu. Shida ni kwamba tunataka kumuuzia kama Mmarekani: kadi ya benki, kila mwezi, jiandikishe na usahau. Mtu anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo, sabuni ya unga kwa pakiti ndogo na umeme kwa tokeni, muuzie kipindi kwa kipimo. Shilingi 20, leo, kipindi hiki. M-Pesa ipo tangu 2007, na kwa Daraja, mlango ambao Safaricom imewawekea waandishi wa programu, unaweza kumtumia ombi la malipo kwenye simu yake, akaweka namba ya siri, video ikafunguka. Ni kazi ya siku chache, na mimi si fundi wa ajabu.

Jambo dogo la kiufundi hapa ambalo lina maana kubwa. Ukibandika namba ya till tu watu walipe, taarifa inayokuja kwenye mfumo wako kupitia Daraja huwa imeficha namba ya simu ya mlipaji. Lakini mtu akiandika namba yake mwenyewe kwenye ukurasa wako ili umtumie ombi la malipo, namba umepewa naye, kwa hiari yake. Njia ya kwanza inakupa pesa. Ya pili inakupa pesa na daftari. Omba ruhusa ya kumtumia ujumbe, na umheshimu: tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na namba za watu si maharagwe ya kuuzwa kwa gunia kwa kampuni za kamari.

La tatu, na hili hunijia kwenye simu karibu kila mwezi: "tutengenezee programu ya simu kama ya Netflix". Hapana! Ukiuza video ndani ya programu iliyo kwenye maduka ya Apple na Google unaweza kukatwa hadi asilimia 30, na mtu mwenye simu iliyojaa picha za harusi hataifuta picha moja ili akuweke wewe. Ukurasa wa wavuti unaofunguka haraka. Sehemu ya kuandika namba ya simu. Video. Hivyo tu.

Na kila Ijumaa jioni, nakala ya daftari lote kwenye diski ambayo iko mkononi mwako, si kwenye akaunti ya yule kijana aliyewatengenezea tovuti. (Najua ninayosema, mimi ndiye yule kijana.) Blip ilikuwa makao ya vipindi vingi vya mtandaoni tangu 2005, ikanunuliwa na Maker Studios, na Agosti 2015 ikafungwa. Waliokuwa na nakala na anwani za watu wao walihama. Wengine wakaanza upya kuhesabu kutoka sifuri.

Mwenye studio aliye Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret anayeona nimemwonea, asiniletee idadi ya wafuasi. Aniletee hesabu ya watazamaji anaoweza kuwatumia ujumbe leo jioni kwa ruhusa yao, bila kupitia kwa mtu. Wa kwanza atakayenionyesha zaidi ya elfu moja, nyama choma pale Kenyatta Market ni juu yangu, kilo mbili, na ugali.